Mali ya Nani? Kisa cha Mchezo wa X-Wing, 2012 hadi 2024

Mwaka 2024 kampuni ya Kimarekani ya Atomic Mass Games ilitangaza kwamba haitatoa tena bidhaa mpya za mchezo wa Star Wars: X-Wing wala za nduguye, Star Wars: Armada. Kwa tangazo hilo ilikoma biashara ya miaka 12 ya mchezo wa vita wa mezani ambao, katika baadhi ya misimu ya muongo uliopita, uliongoza orodha za mauzo za jarida la biashara ICv2 la Marekani, ukiwa mbele hata ya Warhammer 40,000, mkongwe kutoka Uingereza ambao kwa miaka mingi haukuwa na mshindani wa kuutia wasiwasi.

Tangazo hilo halikumnyang'anya mtu kitu. Vyombo vya plastiki vilibaki makabatini, dadu zikabaki mifukoni, na vitabu vya kanuni vikaendelea kusomeka kama jana yake. Hata hivyo wachezaji wengi walizungumza kana kwamba wamefiwa, na bei za mitumba zilianza kujadiliwa kwa lugha ya urithi. Uchambuzi huu unajaribu kueleza ni kitu gani hasa walichokuwa nacho kabla ya tangazo na hawakuwa nacho baada yake, na kwa nini uamuzi mmoja wa mwaka 2018, ambao wakusanyaji wengi waliuchukia, ndio uliouwezesha mchezo huo kuendelea kuchezwa hadi leo bila kampuni.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajauona. Watu wawili huketi kwenye uwanja wa mraba wenye takriban sentimita 91 kila upande. Kila mmoja ana kikosi cha vyombo vya angani vilivyotengenezwa kwa kipimo cha 1:270, hivi kwamba chombo cha X-wing, ambacho katika hadithi kina urefu wa mita 12 na nusu, kinakuwa na urefu wa kama sentimita 4.6 tu. Kila chombo kina kisahani cha kadibodi ambacho mchezaji hukizungusha kwa siri ili kuchagua mwendo wa zamu hiyo: kwenda moja kwa moja, kupinda kidogo, kukata kona kali au kugeuka nyuma. Visahani vikishafunuliwa, vyombo husogezwa kwa rula za kadibodi zilizokatwa kwa umbo la njia, kisha wanaoonana hushambuliana kwa dadu zenye nyuso nane, nyekundu za kushambulia na za kijani za kujilinda. Utamu wote umo katika kukisia mwenzako atakwenda wapi kabla hajaenda. Mbinu hiyo haikuzuliwa na X-Wing; ina asili yake katika Wings of War, mchezo wa Kiitaliano kuhusu ndege za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambao toleo lake la Kiingereza lilikuwa likiuzwa na kampuni ileile ya Fantasy Flight Games iliyokuja kuitoa X-Wing mwaka 2012.

Kitu kilichoutofautisha mchezo huu na michezo mingi ya jamii yake ni rangi. Katika desturi ya Warhammer, mnunuzi hupata vipande vya plastiki ya kijivu ambavyo lazima avikate, avigundishe na kuvipaka rangi mwenyewe, kazi inayoweza kuchukua miezi kabla ya jeshi kuwa tayari kwa meza. Vyombo vya X-Wing vilitoka kiwandani vikiwa vimepakwa rangi. Mtu alifungua boksi akacheza jioni hiyohiyo. Boksi la mwanzo, lenye X-wing moja na TIE mbili, yaani vyombo vya adui wake, liliuzwa dola 39.95, na kila chombo kidogo cha nyongeza dola 14.95. Kwa kipimo cha michezo hii, huo ulikuwa mlango mpana, na waliopita humo ni pamoja na watu wengi ambao hawakuwahi kushika brashi wala gundi.

Mlango mpana, lakini ngazi zilikuwa nyingi. Kikosi cha mashindano katika toleo la kwanza kilipangwa kwa pointi 100. Rubani wa bei ya chini kabisa wa TIE aligharimu pointi 12, kwa hiyo mtu aliyependa mbinu ya kundi kubwa angeweza kupeleka uwanjani TIE 8 kwa pointi 96. Ili kuwa nazo 8 alihitaji boksi la mwanzo na maboksi 6 ya nyongeza, jumla ya dola 129.65, na hapo bado ana upande mmoja tu na mbinu moja tu. Hakuna ubaya katika hesabu hiyo; ni gharama inayoonekana na inayolingana na unachopata. Ubaya ulikuwa mahali pengine, kwenye karatasi.

Kila boksi lilikuwa na kadi. Baadhi zilikuwa za marubani wa chombo kilichomo, na nyingine zilikuwa za vifaa, yaani silaha, wahudumu na ujuzi ambao mchezaji angeweza kuubandika kwenye chombo kingine kabisa. Kadi ya kifaa haikujali ilitoka boksi gani. Kampuni iligundua mapema, au iliteleza bila kukusudia, kwamba kadi nzuri ikiwekwa ndani ya boksi ambalo si kila mtu analitaka, boksi hilo litauzika. Kadi ya Autothrusters, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa karibu lazima kwa vyombo vyepesi vya pande zote, ilitoka ndani ya boksi la StarViper, chombo cha upande wa wahalifu. Mchezaji wa Dola, yaani upande wa himaya katika hadithi ya Star Wars, ambaye hakuwa na haja yoyote na wahalifu alinunua StarViper, akachukua kadi, na chombo akakiweka juu ya kabati. Kadi ya C-3PO, iliyotafutwa sana na waliorusha Millennium Falcon, ilikuwa ndani ya Tantive IV, meli kubwa ya dola 89.95.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Imperial Raider ya mwaka 2015, iliyouzwa dola 99.95. Meli hiyo yenyewe haikuruhusiwa katika mashindano ya kawaida ya pointi 100, kwa kuwa ilikuwa ya mchezo mkubwa wa kirafiki unaohitaji meza pana na saa nyingi. Lakini ndani ya boksi lake kulikuwa na kadi ya Emperor Palpatine, iliyotamba katika mashindano kwa miaka kadhaa, na vilevile kadi zilizokusudiwa kukitibu chombo cha TIE Advanced. Hiki kilikuwa kimetoka kati ya maboksi ya kwanza kabisa, kikiwa chombo cha Darth Vader mwenyewe, na ilikuwa imebainika haraka kwamba bei yake ya pointi ni kubwa kuliko uwezo wake. Kwa hiyo mtu aliyenunua chombo kwa dola 14.95 mwaka 2012 na kukikuta kibovu, aliambiwa mwaka 2015 kwamba dawa ipo, ila imo ndani ya boksi la karibu dola 100, fedha ambayo ingemnunulia vyombo vidogo 6 na chenji ikabaki. Sijui kama uamuzi huo ulitokana na tamaa au na ratiba ya kiwanda. Ninachoweza kusema ni kwamba ulikuwa ndio njia pekee iliyokuwepo ya kukirekebisha chombo bila kuifanya kadi yake iseme uongo, na hilo ndilo linalopaswa kuangaliwa kwa makini.

Kwa nini njia pekee? Kwa sababu bei ya pointi ilikuwa imechapishwa kwenye kadi. Chombo kikitoka kiwandani na bei isiyofaa, kosa hilo limeshagawanywa katika makumi ya maelfu ya nyumba kwa wino usiofutika. Kampuni ilikuwa na mambo mawili ya kufanya: kutoa waraka wa masahihisho unaobadilisha maneno ya kadi, jambo linalomfanya mchezaji acheze na kadi inayosema uongo, au kuuza kadi mpya inayofidia ile ya zamani. Ilifanya yote mawili. Kadiri mawimbi ya vyombo vipya yalivyofuatana, ndivyo kadi za kufidia zilivyoongezeka, na ndivyo mchezaji mpya alivyohitaji kununua vitu vingi zaidi ili tu vyombo vya zamani vifanye kazi ambayo vingepaswa kuifanya tangu mwanzo.

Mkusanyaji wa aina nyingine, yule anayekusanya kwa ajili ya kuangalia, hakuumizwa sana na haya. Kwake shida zilikuwa za mwili: vijiti vyembamba vya plastiki vinavyokibeba chombo hukatika kwenye kiungo, na kipimo cha 1:270 hakikufuatwa kwa meli kubwa, ambazo zilipunguzwa ili zitoshee mezani na kwenye boksi. Kwa mtu anayependa usahihi hilo linakera, lakini linavumilika.

Mei 2018 Fantasy Flight ilitangaza toleo la pili, na Septemba mwaka huohuo likaingia madukani. Vyombo vya zamani havikutupwa. Kila upande kati ya zile tatu za awali, yaani Waasi, Dola na wahalifu, uliuziwa boksi la kubadilishia lenye kadi mpya, visahani vipya na vibao vipya vya chini ya vyombo, kwa dola 49.95. Aliyekuwa na pande zote tatu alilipa dola 149.85 kabla ya kununua chombo chochote kipya. Zaidi ya hayo, vyombo vya filamu za karibuni, ambavyo katika toleo la kwanza vilihesabiwa kuwa sehemu ya Waasi au ya Dola, vilitengwa na kupewa pande zao wenyewe na maboksi yao wenyewe ya kubadilishia, hivi kwamba vikosi vya mchanganyiko ambavyo watu walikuwa wamevizoea havikuruhusiwa tena. Mwenye makundi makubwa ya chombo kimoja naye hakuwa na hakika kwamba boksi moja lingemtosha.

Malalamiko yalikuwa makubwa na yalieleweka. Watu walikuwa wameweka fedha na wakati katika kadi ambazo sasa hazikuwa na kazi. Ile kadi ya Palpatine, iliyonunuliwa kwa bei ya meli nzima, ikawa kumbukumbu. Maduka yalibaki na shehena ya maboksi ya zamani ambayo iliuzwa kwa bei ya kutupa, na kila boksi lililouzwa hivyo lilishusha thamani ya mkusanyo wa mtu mwingine.

Ndani ya toleo hilo kulikuwa na badiliko moja ambalo halikuvutia macho kama maboksi mapya, nalo lilikuwa zito kuliko yote. Pointi ziliondolewa kwenye kadi. Kadi ya rubani wa toleo la pili haina bei, na haina hata orodha ya aina za vifaa anavyoruhusiwa kubeba. Habari hizo ziliwekwa katika programu ya simu na katika nyaraka za PDF ambazo kampuni iliahidi kuzipitia mara kwa mara, na kuanzia Januari 2019 ikawa inazibadilisha kweli. Kikosi sasa kilikuwa na pointi 200, ili kuruhusu marekebisho madogomadogo. Chombo dhaifu kilishushwa bei kwa kubadilisha tarakimu moja, bila mtu kununua chochote. Ugonjwa wa Imperial Raider ulikuwa umepata tiba.

Walioipinga hatua hii walikuwa na hoja, na si vyema kuipuuza. Walisema kwamba kitu walichokinunua hakikuwa kamili ndani ya boksi lake. Kwamba bila simu na intaneti kadi zao zilikuwa picha tu. Na kwamba siku kampuni itakapozima programu, watabaki na meza ya plastiki isiyojua bei zake. Hoja hiyo ilijikita katika hofu ya haki kabisa, kwa sababu programu huzimwa kila siku. Hawakuona, na kwa kweli mwaka 2018 ilikuwa vigumu kuona, kwamba kitu kilichotolewa kwenye kadi kimetolewa pia kwenye kiwanda. Bei iliyochapishwa hubadilishwa na mwenye mtambo wa kuchapa, ilhali bei iliyomo kwenye jedwali la PDF inaweza kubadilishwa na mtu yeyote ambaye wachezaji wenzake wamekubali kumsikiliza.

Wakati huohuo umiliki ulikuwa ukihamahama juu ya vichwa vya wachezaji. Fantasy Flight ilikuwa imejiunga na kundi la Asmodee la Ufaransa tangu mwaka 2014. Mwaka 2018 Asmodee iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya PAI Partners, na mwaka 2022 ikanunuliwa na Embracer ya Uswidi kwa bei iliyotangazwa kuwa euro bilioni 2.75. Embracer iliingia matatani mwaka 2023 baada ya mpango wake mmoja mkubwa wa ushirikiano kuvunjika, na Aprili 2024 ikatangaza kwamba itajigawa katika kampuni tatu, Asmodee ikiwa mojawapo na ikibebeshwa mkopo wa euro milioni 900. Sidai kwamba X-Wing ilikufa kwa sababu ya mkopo huo. Mchezo wenyewe ulikuwa umeshadhoofika. Lakini mtu anayechagua mchezo wa kukusanya kwa miaka 10 anaweka fedha zake pia katika mahesabu ya watu ambao huenda hawajawahi kugusa dadu nyekundu. Na juu ya wote hao yuko Lucasfilm, mwenye majina na maumbo ya vyombo, ambaye bila leseni yake hakuna boksi linaloweza kuuzwa.

Novemba 2020, katikati ya janga la Uviko-19, Asmodee ilitangaza kuihamisha michezo yake ya vijisanamu vya Star Wars kutoka Fantasy Flight kwenda Atomic Mass Games, tawi lililokuwa limejijengea jina mwaka uliotangulia kwa mchezo wa mashujaa wa Marvel. Kwa miezi mingi mashindano ya ana kwa ana yalikuwa yamesimama, na mchezo unaohitaji watu wawili wainamie meza moja haukuwa na pa kukimbilia. Wachezaji walihamia kwenye programu kama Vassal na Tabletop Simulator, ambako vyombo huchorwa kwenye skrini na dadu hurushwa na kompyuta. Jambo hili linaonekana dogo, lakini liliwafundisha maelfu ya watu kwamba mchezo unaweza kuendeshwa, kupangiwa ligi na kutolewa matokeo bila duka wala kampuni kuhusika.

Mwanzoni mwa 2022 Atomic Mass Games ilitoa kanuni mpya ambazo wachezaji walizibatiza jina la 2.5. Pointi za kikosi zilishuka kutoka 200 hadi 20. Bei za vifaa zikatengwa katika fungu lake, kila rubani akipewa kiwango chake. Zamu ya nani aanze kusogea ikaamuliwa kwa bahati nasibu baada ya visahani kuwekwa. Na mapambano ya kuangamizana tu yakabadilishwa na kazi maalumu za kushikilia vituo na kubeba mizigo. Programu rasmi ya Fantasy Flight iliachwa, na pointi zikabaki katika PDF pekee. Yale waliyoyahofia wapinzani wa 2018 yalitimia, na ajabu ni kwamba hayakuwa na madhara makubwa, kwa kuwa wachezaji walikuwa wameshajitengenezea programu zao za kupangia vikosi, ambazo kwa wengi zilikuwa bora kuliko ile rasmi.

Madhara yaliyotokea yalikuwa ya aina nyingine. Sehemu ya wachezaji ilikataa kanuni za 2.5, na watu wa kujitolea wakaanzisha mradi wa X-Wing 2.0 Legacy, wakaendelea kutoa orodha za bei kwa kipimo cha pointi 200, pamoja na kuingiza vyombo vipya vilivyokuwa vinatoka. Tazama kilichotokea hapo: kampuni ilikuwa bado hai, bado inauza, bado inatoa orodha zake, na sehemu ya wateja wake ilishakuwa na serikali yake. Katika toleo la kwanza jambo hilo lisingewezekana kwa urahisi, kwa maana ingebidi watu wafute bei zilizochapishwa kwenye kadi zao wenyewe. Katika toleo la pili hapakuwa na cha kufuta.

Mgawanyiko huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikuonekana katika mji mkubwa wenye wachezaji 40. Ilionekana katika mji wenye wachezaji 6, ambapo watatu walitaka 2.5 na watatu walitaka Legacy, na duka lenye meza moja ya Alhamisi likaona ni afadhali kuwapa watu wa mchezo mwingine. Mwenye duka ndiye kiungo kinachosahaulika katika masimulizi ya michezo hii. Yeye hununua maboksi kabla ya kujua kama yatauzika, hutoa nafasi ambayo ingeweza kujazwa na kadi za mchezo wa Magic, na hubeba hasara ya kila badiliko la toleo. Baada ya maboksi ya 2018 kumlalia, na janga la 2020 kumfungia mlango, na kanuni za 2022 kumgawia wateja, hakuwa na sababu nyingi za kuendelea kuagiza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mchezo ulipopoteza pumzi, miaka miwili kabla ya tangazo lolote rasmi.

Msomaji wetu anaweza kuuliza kwa nini watu wazima wasicheze tu kwa kanuni walizozipenda wakaachana na kampuni. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina mwenye leseni, na tangu Lamu hadi Zanzibar hakuna aliyewahi kusubiri toleo jipya ili ajue kama kete zake zinaruhusiwa. Tofauti ni kwamba bao limesawazishwa na vizazi, na pande zake mbili zina vitu vilevile. Mchezo wenye makumi ya vyombo visivyofanana, kila kimoja na uwezo wake, hauna usawa wa asili. Usawa wake ni kazi ya mikono inayopaswa kurudiwa kila chombo kipya kinapoingia na kila mchezaji hodari anapogundua mchanganyiko ambao hakuna aliyeufikiria. Mchezo kama huo usipopata mtu wa kuusawazisha, haubaki ulivyo. Hujifunga wenyewe, kwa sababu kila mtu huishia kurusha vikosi vilevile viwili au vitatu vinavyoshinda. Kwa hiyo katika michezo ya aina hii msaada ni sehemu ya bidhaa kwa kiwango kilekile cha plastiki, ingawa hauandikwi kwenye boksi wala hauna dhamana.

Tangazo la 2024 lilipokuja, kundi jingine la watu wa kujitolea, X-Wing Alliance, lilichukua jukumu la kuendeleza kanuni na pointi kwa upande wa wale waliofuata mfumo wa 2.5, huku Legacy ikiendelea na njia yake. Kazi wanayoifanya ni ya kuchosha: kukusanya matokeo ya mashindano, kubishana kuhusu rubani mmoja kama apunguzwe bei au la, kuandika majibu ya maswali ya kanuni, kisha kutukanwa na wale ambao kikosi chao kimepandishwa bei. Hawalipwi. Kisheria wana nafasi ya kutosha, kwa kuwa hakimiliki ya Marekani hulinda maandishi na michoro ya mchezo lakini hailindi mbinu ya kuucheza, na jedwali la bei wanalolitunga wenyewe ni lao. Mahali wanapokwama ni kwenye vitu vya kushikika. Hawawezi kuuza kadi zenye picha za Star Wars, wala kutengeneza X-wing mpya kwa ajili ya rafu za maduka.

Mashine za kuchapa vitu vya pande tatu zimeziba sehemu ya pengo hilo. Mtu mwenye mashine ya utomvu anaweza kujichapia chombo nyumbani kwa gharama ndogo, na mafaili ya kuchapia yanazunguka mtandaoni. Kuyauza ni hatari kisheria, kuyatumia mezani kwa marafiki ni jambo ambalo hakuna anayekuja kulikagua. Lakini chombo kilichochapwa nyumbani hutoka bila rangi, na hapo mchezo unampoteza mtu yuleyule uliomvuta mwaka 2012, yule ambaye hakutaka brashi wala gundi. Visahani na vibao vya kadibodi vina shida yake, kwani vinaweza kuchapwa kwenye karatasi nzito na kukatwa kwa mkasi, ila havidumu na havifanani, na baadhi ya waandaaji wa mashindano hawavipendi.

Kwa aliyekwisha kukusanya, hali ya sasa si mbaya. Ana vyombo vyake, ana orodha za bei zinazopitiwa, na katika miji mingi ya Ulaya na Marekani anaweza kupata mashindano. Soko la mitumba limegawanyika kwa namna inayofundisha: vyombo vya toleo la kwanza bila kadi za kubadilishia huuzwa kwa bei ya mwanasesere, ilhali chombo kilekile chenye kisahani na kibao cha toleo la pili kina thamani zaidi, ingawa plastiki haina tofauti yoyote. Mnunuzi makini wa leo huuliza kuhusu karatasi kabla ya kuuliza kuhusu chombo. Maboksi ya kubadilishia, yale yaliyolalamikiwa mwaka 2018, yamekuwa ndiyo yanayotafutwa, kwa sababu boksi moja linaweza kufufua kabati zima la vyombo vya toleo la kwanza.

Anayeanza sasa ndiye mwenye kazi. Akinunua mkusanyo wa mtu anayestaafu, lazima kwanza ajue ni mchezo gani kati ya mitatu anaoingia: ule wa pointi 100 wenye bei zilizochapishwa kwenye kadi, ambao bado una wapenzi wake wachache na hauhitaji waraka wowote kutoka kwa mtu yeyote, ule wa Legacy wa pointi 200, au ule unaoendelezwa na X-Wing Alliance. Vyombo vinavyowekwa mezani katika yote mitatu ni vilevile. Muuzaji hawezi kumchagulia, na kwa kawaida uamuzi wake hutegemea watu wanaocheza katika mji anaokaa, kwa hiyo ni vyema awatafute hao kabla ya kutoa fedha mfukoni.